Uuguzi au utabibu: nilivyoamua kabla ya kujisajili chuoni

Cheti cha kidato cha nne hakikunisaidia kuchagua. Hapa Tanzania, Stashahada ya Uuguzi na Ukunga na ile ya Utabibu, ambayo wengi huiita CO (Clinical Officer), zinadai kitu kilekile: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia yakiwemo. Zote ni miaka 3, NTA (ngazi za tuzo za elimu ya ufundi) ya 4 hadi ya 6. Ndiyo maana wengi huishia kufuata jina: anayetamani kuitwa daktari anakwenda utabibu. Mimi niliamua kuitazama kazi yenyewe.

Muuguzi hukaa na mgonjwa zamu nzima. Ikiandikwa lita 1 ya dripu iishe kwa saa 8, mwenye kuhesabu matone ni yeye. Kwa mpira wa dripu unaotoa matone 20 kwa mililita, zidisha 1000 kwa 20, gawanya kwa dakika 480: karibu matone 42 kwa dakika. Hesabu ni nyepesi. Hatari iko kwenye mpira. Ukishika ule wa matone 60 kwa mililita ukaacha 42 yaleyale, lita hiyo itachukua karibu saa 24, na mgonjwa aliyeishiwa maji hana muda huo. Namba imeandikwa kwenye pakiti, isome kila mara. Leba ni hivyohivyo: uchungu ukishashika kasi, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu. Ukiruka mara mbili, mtoto aliyeanza kuchoka hujamjua.

Tabibu wa zahanati ana dakika chache, na lazima akate shauri. Analetewa mtoto wa miezi 9 mwenye homa na kikohozi. Anamfunua kifua, anamwacha atulie kwa mama, anahesabu pumzi dakika 1 nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni kupumua haraka. Kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni 40 au zaidi. Anayehesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 anazidisha na kosa lake: mtoto wa pumzi 44 akihesabiwa 13 badala ya 11, anasomeka 52, na anaondoka na dawa ya nimonia asiyo nayo. Kipimo cha malaria kikitoa chanya, pumzi bado zinahesabiwa, maana magonjwa mawili hukaa kwa mtoto mmoja.

Kwa hiyo nilijiuliza hivi: saa 9 usiku, nimechoka, kipi nitakifanya vizuri? Kurudia kipimo kilekile mara ya sita kwa uangalifu uleule, au kuamua, pengine peke yangu, nani apewe rufaa sasa hivi? Swali hilo halijibiki nyumbani. Omba kutazama kituo cha afya kilicho karibu, zamu moja wodini, ya usiku ikiwezekana, na siku moja chumba cha tabibu. Nenda na barua ya chuo au ya serikali ya mtaa. Bila barua mganga mfawidhi atakukatalia, na ana haki, kwa kuwa siri za wagonjwa ziko mikononi mwake.

Kama lengo lako ni Udaktari, angalia Hisabati leo. Stashahada ya Utabibu yenye GPA (wastani wa alama) ya 3.0 huombewa shahada hiyo, lakini huambatana na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Mwenye F ya Hisabati anaweza kuingia utabibu bila kikwazo, kisha anakwama miaka 3 baadaye. Arudie somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea akiwa bado mwaka wa kwanza. Mbele yake kutakuwa na miaka 5 ya shahada na 1 ya utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini.

Nilichagua uuguzi, kwa sababu jibu langu la saa 9 usiku lilikuwa lile la kwanza: kurudia kipimo kilekile kwa uangalifu uleule. Baada ya stashahada kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo upate leseni, nao huo uuhesabu kwenye mipango yako.

Na kwa kozi yoyote kati ya hizo, anza chanjo ya homa ya ini B wiki unayoripoti. Dozi ni 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Ukingoja hadi upangiwe wodi, utashika sindano za watu ukiwa na dozi moja mwilini.