Tulivyoupiga "With a Little Help from My Friends" bila sauti za kike

Bendi yetu hupiga harusi hapa Tanga, na sehemu kubwa ya kazi ni kopi, yaani nyimbo za wengine. Bwana harusi mmoja alituomba "With a Little Help from My Friends", tena akasisitiza: ule wa Joe Cocker. Mimi ndiye mpiga kinanda na mpangaji wa sauti. Nilikuwa na wanaume watupu, na mwimbaji mwenye sauti tamu isiyopanda.

Nikaanza na Beatles wenyewe, bendi ya Uingereza iliyoutoa kwanza, mwaka 1967. John Lennon na Paul McCartney waliutunga makusudi uimbwe na mpiga dramu wao, Ringo Starr, ambaye naye sauti yake haikuwa ya kupaa. Ndiyo maana karibu wimbo wote unazunguka kwenye noti tano tu. Inayopaa ni ile ya mwisho, na Ringo aliiogopa. Siku ya kurekodi wenzake walimzunguka wakimtia moyo mpaka akaifikia. Hapo nikapumua. Wimbo huu ulishonwa kwa sauti kama ya mwimbaji wetu, hata kama Cocker anaunguruma kiasi cha kukusahaulisha hilo.

Cocker alikuwa kijana wa Sheffield aliyewahi kuwa fundi wa mabomba ya gesi. Maneno aliyaacha karibu yalivyo, akabadilisha mwendo. Beatles wanahesabu nne, mwendo wa mtu anayetembea kwa furaha. Yeye anahesabu sita, polepole, kinanda cha Tommy Eyre kikitangulia, kisha gitaa la Jimmy Page na dramu za B.J. Wilson. Novemba 1968 ukashika namba moja Uingereza. Beatles walikuwa hawajautoa kwao kama singo, yaani wimbo unaouzwa peke yake. Baadaye bendi ya Wet Wet Wet waliufikisha tena namba moja mwaka 1988, kwa manufaa ya Childline, shirika linalosaidia watoto. Kopi safi, ila iko karibu mno na Beatles, haikunipa cha kuchukua.

Kilichonisumbua ni waitikiaji. Kwa Cocker, wanawake ndio wanaouliza maswali, kama "Unahitaji mtu yeyote?", na yeye anajibu, na bila maswali hayo wimbo unabaki nusu. Jibu nililipata kwenye picha za tamasha la Woodstock, Agosti 1969. Pale Cocker hana mwanamke hata mmoja jukwaani! Wanaume wa bendi yake, Grease Band, wanaitikia kwa sauti nyembamba za juu, wamekaza shingo, na inakaa vizuri kabisa.

Nikawagawia wapiga gitaa wetu wawili sehemu hiyo. Walianza kwa kunong'ona, kwa sababu sauti nyembamba ukiisukuma kabla haijakaa inapasuka. Ufunguo, yaani noti ya msingi wa wimbo, nikaushusha kutoka E ya Ringo hadi C, ili na wao wasiumie.

Nilidhani mwendo wa sita ungetuchelewesha. Mzee wetu wa ngoma akasikiliza kidogo, akaniambia, "Mwanangu, hizi sita mbona nazijua?" Amekulia kwenye chakacha, ngoma ya pwani, ambayo nayo inakwenda kwa sita, ila kwa kasi. Kazi yake ikawa kujizuia tu: apige kidogo kwenye beti, aachie nguvu zote kwenye kiitikio.

Noti ya mwisho tuliigawana. Mwimbaji anabaki chini kwenye do, waitikiaji wanaishika do ya juu, nami nafungulia kinanda chote chini yao. Bwana harusi aliinuka na wenzake aliosoma nao, wakashikana mabega na kuuliza maswali yote pamoja na wapiga gitaa wetu. Tangu hapo tunaupiga baada ya keki, wakati marafiki wanaitwa mbele, na ubeti wa pili tunawaachia wao waulize.