Nukta mkato iliyokula mandazi

Mama alikuwa na kibanda Kadutu, hapa Bukavu, na mimi ndiye niliyejitia kimbelembele kumtengenezea kibao cha bei. Chipu ya Z80 ya kuendesha programu, EPROM moja ya kuihifadhi, skrini ndogo ya mistari miwili. Programu niliiandika kwa asembli, lugha ya amri za chipu yenyewe. Asembla, programu ya kugeuza amri hizo kuwa baiti, nilirithi kwa yaya mmoja, yaani mkubwa wangu aliyenitangulia chuoni, faili moja la lugha ya C.

Tulipowasha, skrini ikaandika MKATE 500, kisha vijiherufi visivyosomeka vikajaa mpaka mstari wa pili. Mama akatazama.

"Na mandazi?"

EPROM hufutwa kwa taa ya urujuanimno, dakika 20 hivi, halafu uombe umeme usikatike. Sikutaka kuichoma tena kwa kubahatisha. Nikahesabu baiti zilizotoka kwenye mstari huu:

DB "MKATE 500; MANDAZI 100",0

Asembla ikiona nukta mkato (;) tu, ilikata vyote vilivyofuata, ikidhani ni maelezo ya mwandishi, si amri. Mandazi yakaenda, na sifuri ya mwisho nayo. Bila sifuri hiyo programu haikujua pa kukomea, ikaendelea kusoma baiti zilizofuata kana kwamba nazo ni bei. Kwamba nukuu ilibaki wazi na asembla isiseme neno, hilo mpaka leo sijalisamehe.

Nikaandika upya sehemu ile: isome herufi mojamoja, ikumbuke kama imo ndani ya nukuu, na ni nukuu ipi iliyofungua, maana LD A,';' yenye nukuu moja nayo ni halali. Nikajiona fundi. Mstari wa kwanza kugoma ulikuwa:

EX AF,AF' ; sauver l'accumulateur

Ritifaa ile (') baada ya AF si nukuu, ni sehemu ya jina la rejista pacha, kihifadhi cha pili ndani ya chipu. Asembla yangu iliichukua kama nukuu iliyofunguliwa, ikameza nukta mkato, ikaja kufunga kwenye l' ya maelezo yangu ya Kifaransa, ikabaki kuniuliza "accumulateur" ni kitu gani.

Yaya alicheka hadi akakaa chini. "Mdogo wangu, angalia nyuma. Ukikuta AF, acha ipite."

Ni kiraka kibaya, lakini katika amri za Z80 ritifaa hiyo haina pengine pa kutokea. Nikakiweka.

Jioni kibao kikawaka, bei zote mbili. Mama akasoma polepole, akatikisa kichwa.

"Imependeza. Ila mandazi ni 150 tangu juzi."

Nikaing'oa EPROM.