Tarehe iliyo kwenye I-20
Leo nimepokea kadi yangu ya kibali cha kazi, nami nimeona niwaandikie wadogo zangu wanaokuja kusoma Marekani kwa viza ya F-1. Mwaka wangu wa pili nilipata nafasi ya mafunzo kazini, msimamizi akanisihi nianze Jumatatu iliyofuata, ilhali ukurasa wa pili wa I-20 yangu, ile fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, ulionyesha kuwa ruhusa ya CPT, yaani ya kufanya mafunzo kazini ungali masomoni, ingeanza wiki moja baadaye. Nilikataa, moyo ukinidunda, kwa kuwa hata siku moja kabla ya tarehe hiyo ni kufanya kazi bila kibali, na hakuna barua ya mwajiri inayoweza kulifuta kosa hilo. Walinisubiri, namshukuru Mungu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi mapema ni kwamba CPT ya muda wote ikifika miezi 12, unapoteza haki ya OPT, yaani kibali cha kufanya kazi ya fani yako baada ya kuhitimu, kwa ngazi hiyo ya masomo. Ndiyo maana nilihesabu kila wiki kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani. Maombi ya OPT hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza masomo, na lazima yafike uhamiaji ndani ya siku 30 tangu chuo kiweke pendekezo lake kwenye mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni. Mwenzangu, kijana makini kabisa, alichelewa siku chache tu, ombi likakataliwa na ada ikapotea. Iliniuma sana.

Kwa kuwa katika kipindi cha OPT hairuhusiwi kukaa bila ajira zaidi ya siku 90 kwa jumla, barua za kuomba kazi nimekwisha kuanza kuzituma.