Lori la sementi lilinipita pale Karuma

Ilikuwa Desemba, tunaenda Arua kwa harusi ya binamu, gari imejaa watu na masufuria na mtungi wa gesi, natoka darajani Karuma naanza kupanda ule upande wa pili, nikakanyaga mafuta kama siku zote, gari haiitiki. Inanguruma tu. Kwenye kioo naona moshi mweusi kama kuna mtu anachoma tairi nyuma yangu. Lori la sementi ambalo nililipita zamani kule Kafu likaja polepole, likawasha indiketa, likanipita. Tanboi akanipungia mkono. Hata nyani wa Karuma waliacha kuomba ndizi wakaniangalia. Shemeji alikuwa amekaa mbele, hakusema neno, na bora angecheka.

Nina Prado ya 1998, ile ya 90, injini ya 1KZ-TE, dizeli ya turbo, silinda nne, cc 2982. Ni injini ile ile utaikuta kwenye Super Custom kibao hapa Uganda, kwa hiyo spea si shida, ukiingia soko la spea la Kisekka hutoki mikono mitupu. Shida ni watu wa kukwambia spea gani unahitaji kweli.

Fundi wa kwanza niliyempelekea (simtaji, na mtaa wake simtaji) alisikiliza gari dakika moja, akaangalia moshi, akasema, "Ssebo, turbo imekufa. Lete milioni moja na laki nane nikutafutie used." Boneti hata hajafungua vizuri. Na mimi nilikuwa karibu kumpa, manake neno turbo linatisha, unasikia tu turbo mfuko unaanza kutetemeka wenyewe.

Rafiki akaniambia ngoja, kuna mzee mmoja Bombo, Mnubi, zamani alikuwa anatengeneza magari ya jeshi, mpelekee yeye kwanza. Nikaenda. Kiswahili chake ni kile cha kambi kabisa. Nikamsalimia, salamu aleikum mzee, akaitikia huku ameshainama kwenye injini. Akasema washa, kijana wake akae ndani akanyage, yeye akapitisha kiganja chini ya ule mpira mnene unaopeleka hewa kutoka turbo kwenda injini. Akanishika mkono akauweka pale. Upepo! Kulikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, upande wa chini ambapo jicho halifiki, na ukizima injini unajifunga huoni kitu. "Turbo yako iko mzima," akasema. "Hewa ndio iko inatoroka." Mpira elfu 60, klipu mbili, gari ikarudi.

Siku hiyo nikakaa pale kwenye gogo mpaka jioni nikimuuliza maswali, na mengi nayoandika hapa yalianzia hapo, mengine nimejifunza kwa kulipa.

Dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto sana, dizeli ikinyunyizwa pale inawaka yenyewe. Kwa hiyo nguvu yote inategemea umeingiza hewa kiasi gani. Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja, moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, yaani moshi ambao ungetupwa bure, na ya pili inasukuma hewa ndani. Ile shafti inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Na sisi huku turbo inatusaidia kuliko watu wa Mombasa, manake Kampala tuko juu kama mita 1,200 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Dizeli isiyo na turbo inapoteza nguvu hiyo moja kwa moja, yenye turbo inajisukumia kiasi kikubwa cha kile kilichopungua. Sasa mpira ukipasuka, dizeli inakuwa nyingi kuliko hewa, haiungui yote, ndo ule moshi mweusi. Moshi mweusi kwa hiyo kwanza uliza habari za hewa: mpira, klipu, filta. Ukiwa wa bluu hapo ndo unaanza kufikiria oil, na turbo ni mmoja wa washukiwa. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, na maji yanapungua, kaa chini kwanza kabla hujapiga simu ya fundi, nitafika huko.

Alafu mzee akaniuliza swali la ajabu: "Ukifika, wee iko nazima saa ngapi?" Sikumuelewa. Kumbe alikuwa anauliza nikisimama baada ya mwendo mkali nazima injini hapo hapo ama nasubiri. Mimi nazima hapo hapo! Natoka Mbale, nimepita Mabira nikipambana na matrela, nafika Namawojjolo nazima chap nakimbilia kuku na ndizi za gonja. Sasa ile shafti ya turbo inaelea kwenye oil, na upande wa moshi ni moto wa mamia ya digrii. Ukizima ghafla, oil inasimama, inabaki pale kwenye moto inaungua inakuwa masizi magumu, kidogo kidogo tundu za oil zinaziba, siku moja turbo inakufa kweli na utasema ni bahati mbaya. Dakika moja mbili ya kuacha injini inguruma polepole inatosha. Wenye kuku wenyewe wanakuja mpaka dirishani, unakimbilia nini. Ila kama umetoka ofisini kwenye jam ya Jinja Road unaenda nyumbani mwendo wa konokono, hapo turbo imeshapoa zamani, zima tu. Vile vifaa vya kuchelewesha kuzima wanavyouza, mimi sijaona haja.

Oil yenyewe nabadilisha kila kilomita 5,000 pamoja na filta, 15W-40 ya dizeli, hii injini inameza karibu lita 7. Na usitishwe na mtu anayechomoa kijiti anakwambia "ona imekuwa nyeusi." Oil ya dizeli inakuwa nyeusi karibu siku ile ile umeweka, ni masizi inabeba, ndo kazi yake. Angalia kilomita, rangi achana nayo.

Sasa joto. Hapa ndo pesa yangu ilipotelea, na hii ilitokea kabla sijamjua mzee.

Hedi ya 1KZ, yaani kile kifuniko kikubwa cha juu ya silinda chenye valvu, ni alumini, imekaa juu ya bloku ya chuma, hivi viwili havitanuki sawa, na ukiichemsha hedi inapasuka, mara nyingi katikati ya valvu. Ukiuliza wenye hii injini popote duniani watakwambia kitu kimoja, hedi. Ya kwangu iliuawa na huruma. Fundi fulani alinitolea thamostati akasema "ya nini, Afrika hakuna baridi", nikamshukuru na soda nikamnunulia. Kumbe thamostati ya hii injini ina kazi mbili, ikifunguka inaruhusu maji yaende kwenye rejeta na wakati huo huo inaziba ile njia fupi ya kurudi kwenye injini. Ukiitoa, njia fupi inabaki wazi, maji mengine yanazunguka tu ndani bila kupita kwenye rejeta kupoa. Town huoni. Panda milima ya kwenda Kabale na mzigo utaona.

Na mshale wa joto hautakusaidia sana. Kwenye hizi Toyota unakaa katikati hata joto likiwa limepanda digrii kadhaa, siku ukiinuka ujue mambo yameshaharibika. Wangu uliinuka, nikasimama, nikamwaga maji ya dimbwi kutoka kwenye jerikeni juu ya injini iliyo moto, usifanye hivyo tafadhali. Baada ya hapo kila asubuhi mpira wa rejeta naukuta mgumu kabla hata sijawasha, maji yanapungua na chini hakuna tone, nikifungua kifuniko asubuhi injini ikiwa baridi na kuwasha naona mapovu. Gasi ya silinda inaingia kwenye maji. Hedi mpya, gasketi, na kazi, milioni tatu na laki nne. Na bado mke wangu anakumbuka hiyo namba vizuri kuliko siku ya harusi yetu.

Tangu hapo naweka kulanti, si maji ya bomba. Kifuniko cha rejeta nabadilisha ikilegea, manake huku kwetu maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 96 hivi, ule mgandamizo wa kifuniko ndo unayazuia yasichemke mapema. Na ile feni ya mbele yenye mafuta mazito ndani, zima injini ikiwa moto uizungushe kwa mkono, ikizunguka hovyo kama feni ya mtoto imekwisha. Nimeongeza pia kengele ndogo ya joto iliyofungwa kwenye hedi yenyewe, inalia kabla ya mshale kujua.

Wenye Prado za baadaye, zile za D-4D za 1KD, msicheke sana. Ninyi mna ugonjwa wenu, vile vipete vya shaba chini ya nozeli vikivuja, masizi yanaingia kwenye oil yanaenda kuziba chujio la chini kule, injini inakosa oil na ndani ya muda mfupi mmezika. Vibadilisheni kabla havijavuja.

Dizeli ya njiani mimi nanunua kwenye stesheni zenye magari mengi, na kila mwezi nafungua kile kizibo chini ya filta ya dizeli namwaga maji. Pampu inalainishwa na dizeli yenyewe, maji yakifika kule imekwisha. Filta ya hewa, kama umetoka Moroto ama njia yoyote ya vumbi, itoe uipulize kutoka ndani kwenda nje. Sio kinyume, kinyume unaingiza vumbi.

Nimebaki na moja. Juzi taa ya T-BELT imewaka kwenye dashibodi. Hii inawaka kila kilomita 100,000 kukumbusha mkanda wa timing, na ukikatika pistoni zinagonga valvu, turudi kwenye habari za hedi. Jirani ameniambia kuna kitufe cha kuizima hiyo taa, dakika tano tu. Taa itazimika ndio, lakini mkanda je? Chini ya boneti kuna stika ya Kijapani ya mara ya mwisho ulibadilishwa, naweza kusoma namba tu, na namba hazilingani na zile za kwenye saa ya kilomita, hapo nimeanza kujiuliza niliuziwa kilomita ngapi kweli. Mkanda nimeshanunua na tensheni yake. Jumamosi niko Bombo asubuhi, mzee ameniambia nije na majani ya chai.