Siku moja maishani mwangu: fundi wa valvu, Industrial Area, Nairobi

Saa kumi na mbili asubuhi napanda matatu Donholm. Nashukia City Stadium, naifuata Lusaka Road kwa miguu hadi Enterprise Road. Saa hiyo barabara ni ya watembeao: umati kutoka Mukuru na South B, kila mtu akikimbilia geti lake kabla halijafungwa. Wengi wao watashinda kwenye mitambo inayoendeshwa na valvu, na wachache sana wamewahi kuiona valvu ndani.

Mimi natengeneza valvu za kudhibiti. Koki ya nyumbani unaifungua au unaifunga, basi. Valvu ya kudhibiti haitulii: inafungua kidogo, inaongeza, inapunguza, mchana kutwa na usiku kucha, kwa amri inayotoka chumba cha mitambo, ili mvuke au maji yapite kwa kiasi kile kile kinachotakiwa.

Saa mbili pikapu inashusha valvu ya inchi 2 kutoka kiwanda cha maziwa. Kazi yake ni kuingiza mvuke unaochemsha maji, na maji hayo ndiyo yanayopasha maziwa. Kwa mtambo wa aina hiyo maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15. Sasa wanalalamika kwamba hata valvu ikiambiwa ifunge, mvuke unapenya, maji yanapanda joto bila kuulizwa na maziwa yanashika ladha ya kuungua. Dereva ana ujumbe wa mkubwa wake: "Amesema muisage tu, anaitaka leo leo."

Kuisaga, yaani kusugua sehemu zinazofunga mpaka zishikane, nitaisaga. Lakini kwanza nataka kujua imeumwa na nini. Valvu haijili yenyewe, na kilichoila kikibaki kule kiwandani kitaila tena, na mteja atalipa mara ya pili kwa kazi ile ile. Mimi huo naona ni wizi, hata kama risiti ipo.

Saa tatu tunaifungua, mimi na kijana wa atachimenti kutoka chuo cha ufundi. Tunapiga picha kila upande, tunatia alama ya rangi mahali bodi inapokutana na boneti, yaani kifuniko chake, tunanakili yaliyoandikwa kwenye kibati. Hii inafungwa kwa springi na kufunguliwa kwa hewa, kwa hiyo kabla ya kutenganisha kichwa na bodi tunaingiza hewa kidogo ili plagi, kile kizibo cha ndani, inyanyuke kutoka kitini, pale inapokaa ikifunga. Ukiizungusha ikiwa imekalia kiti, unaongeza mikwaruzo yako juu ya ile iliyokuja nayo. Halafu hewa inatolewa, na hapo namwambia kijana asimame kando. Springi iliyobanwa ndani ya kile kichwa inaweza kumvunja mtu. Tunailegeza kwanza kwa skrubu yake, na zile boli ndefu za kichwani zinatoka mwisho kabisa, polepole, kwa zamu.

Plagi ikatoka imefunikwa na uchafu mweusi.

"Fundi, nizioshe?" Kijana ameshashika kitambaa na mafuta ya taa.

"Ngoja kwanza. Leta tochi."

Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine popote siku nzima. Kwenye kiti cha valvu kuna mistari myembamba imekatiza ukingo, safi, kama imechorwa kwa wembe. Hiyo ni kazi ya mvuke wenye maji: matone yanayosukumwa kwa kasi kwenye upenyo mdogo hukata chuma cha pua. Kisha nikaiangalia plagi. Imelika pale inapokutana na kiti tu, na kwingine ingali mpya. Maana yake miaka yote hii valvu imekuwa ikifanya kazi karibu imefungwa, imefunguka kidogo sana, haijawahi kupanda hadi juu. Ni kubwa kupita kazi iliyopewa. Tatu, stemu, ile fimbo inayoshika plagi, ina michirizi ya urefu, na nati za glandi, zinazobana pete za kuzuia mvuke usitoke kando ya stemu, zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho. Kuna mtu aliona mvuke unavuja juu, akakaza, akakaza tena, mpaka stemu ikawa inakwama halafu inaruka. Valvu inayoruka haiwezi kushika joto.

Kama tungeosha kwanza, nusu ya habari hizo zingeenda na mafuta ya taa. Namwonyesha kijana moja moja, naye anauliza maswali mazuri.

Saa tano kiti kinaenda kwa mzee wa mashine ya kukereza. Yeye hapendi kuharakishwa, nami simharakishi. Anaondoa unyoya tu wa chuma, mpaka ile mistari ipotee. Sisi tunatafuta boli za boneti. Boli za kawaida zimejaa Kirinyaga Road, lakini kwa valvu ya mvuke nataka zilizogongwa B7 kichwani na nati za 2H, alama za chuma cha kuhimili joto. Tukikosa alama, haziingii. Bei yake huwa inawaudhi wateja na sijali.

Saa saba, kibandani.

"Leo umechelewa, fundi. Madondo yameisha, kuna ndengu."

"Nipe ndengu, mama, na chapati mbili."

Saa nane tunasaga. Pesti ya chembe kubwa kwanza, kisha laini, na boneti ikiwa imefungwa mahali pake ili stemu isiyumbe. Unazungusha robo duara, unarudi, unanyanyua, unahama. Wengi wanadhani ukisaga sana ndiyo inafunga vizuri. Sivyo: ukizidisha unachimba mfereji, na plagi inaanza kunata. Tunafuta, tunapaka wino wa buluu kwenye plagi, tunaikalisha na kuinyanyua. Mara ya kwanza mzunguko wa buluu ulikatika upande mmoja. Tukasaga tena kidogo, tukapaka tena, ukatoka mstari mmoja mwembamba umezunguka wote bila pengo. Kijana akapiga picha na simu yake, na furaha yake ilinifurahisha mimi zaidi.

Kuunganisha hakuna maajabu ukifuata utaratibu. Gasketi mpya, kwa sababu ya zamani ilishabonyea. Pete mpya za tefloni kwenye glandi. Mvuke wao ni wa bar 7, joto kama nyuzi 170, tefloni inastahimili. Boli zinapakwa mafuta ya kuzuia kutu, zinakazwa kwa kuvuka upande wa pili, kwa awamu tatu, na spana yenye kipimo.

Saa kumi tunapima uvujaji kwa hewa ya bar 3.5. Mteja akiwepo huwa anataka asione povu hata moja, na hapo inabidi nieleze: chuma kikikalia chuma, daraja la IV la uvujaji linaruhusu asilimia 0.01 ya kiasi kinachopita valvu ikiwa wazi kabisa. Yetu imepita kwa mbali. Kisha posishona, kifaa kinachopokea amri ya umeme na kuisogeza stemu: tunapeleka miliampia 4, 8, 12, 16, 20, tukipanda na kushuka. Stemu inasafiri milimita 20, kwa hiyo kwenye 12, ambayo ni katikati, inatakiwa isimame 10. Imesimama 10 ikipanda, na ikishuka imerudi pale pale. Kijana anauliza kwa nini tusianzie sifuri. Kwa sababu waya ukikatika unasoma sifuri, na chumba cha mitambo lazima kijue tofauti ya "funga" na "waya umekatika".

Saa kumi na moja nampigia mhandisi wa kiwanda.

"Iko tayari, lakini nina maneno mawili. Mvuke wako una maji. Stimu trapu iliyo kabla ya valvu, ile ya kutoa maji kwenye mvuke, mara ya mwisho iliangaliwa lini?"

Akanyamaza. "Sijui, kusema kweli."

"Na valvu ni kubwa mno kwa mtambo wako. Bodi ibaki, tubadilishe plagi na kiti tuweke vya kipimo kidogo, ifanye kazi ikiwa imefunguka vya kutosha."

Alitaka kujua kama lazima iwe leo. Nikamwambia plagi na kiti vinaweza kungoja viagizwe, ila trapu haingoji, maana kazi ya leo italiwa na maji yale yale. Tumekubaliana niende na valvu mwenyewe kesho alfajiri, kabla hawajawasha boila, tufungue trapu pamoja. Bei ya plagi na kiti anaitaka usiku huu apeleke kwa wakubwa wake. Nimeituma kabla sijavua ovaroli.