Kuzuia aflatoksini kwenye maziwa: mambo niliyobadili ghalani

Nafuga ng'ombe wawili wa maziwa huku Ruai, zizini muda wote, kwa hiyo kila wanachokula nimekileta mimi. Wakila lishe yenye kuvu, aflatoksini, yaani sumu itokanayo na kuvu, hupitia kwenye ini na kutokea kwenye maziwa siku hiyo hiyo au kesho yake. Wateja huniambia, "Si tutachemsha?" Moto unaua bakteria, lakini sumu hii hauiondoi.

Kosa lilikuwa ghalani. Magunia yalilala sakafuni yameegemea mabati. Usiku mabati yakipoa hutoa jasho, na gunia la upande huo ndilo huanza kushika kuvu. Sasa yapo juu ya mbao, futi moja kutoka ukutani, na sinunui lishe ya kulisha zaidi ya wiki tatu.

Mahindi ya kusaga nayapima kwa chumvi yakiwa bado punje. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi thuluthi moja, ongeza vijiko vitatu vya chumvi iliyoanikwa juani. Funga, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita takriban asilimia 15, na mahindi yanarudi juani. Isipoganda, bado nayaanika siku moja zaidi, maana ya kuhifadhi yasizidi asilimia 13.5. Chumvi iliyokaa wazi jikoni itakudanganya, yenyewe imeshanyonya maji.

Machicha ya bia ni nafuu ila yana maji mengi. Nayashindilia kwenye pipa na kufunika kwa nailoni, hewa isiingie. Donge la kijani likionekana kwenye gunia, gunia zima linatupwa, kwa kuwa sumu huenea mahali ambapo jicho halioni kuvu. Kumpa kuku ni kuhamisha tatizo tu.

Kiwango cha juu cha sumu hii kwenye maziwa kwa Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni mikrogramu 0.5 kwa kilo. Ulaya ni 0.05. Maziwa ya Kenya yanaweza kufaulu kwa kipimo kimoja na kukataliwa kwa kingine, na tofauti hiyo yaweza kuwa gunia lililoegemea ukuta.

Nikishuku lishe, naiondoa yote mara moja. Maziwa husafika baada ya siku chache, na kwa siku hizo simpi hata ndama.