Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa televisheni, Kampala

Saa kumi alfajiri. Napapasa betri gizani: nne, zote zimejaa. Nafuta lenzi, natia kadi mbili mfukoni, napanda boda kwenda Ggaba, kando ya Ziwa Viktoria.

Saa kumi na mbili na nusu tuko ufukweni. Leo tunarekodi kipindi cha akina mama wauza samaki. Huku ikweta jua halikawii. Likichomoza linapanda wima, na ule mwanga laini wa asubuhi unakwisha wewe bado unahangaika na stendi. Ndiyo maana stendi yangu huifunga kungali giza.

Mama tunayemrekodi ametokea upande wa Kongo, mimi nimekulia kambi ya jeshi Jinja, basi Kiswahili kinatutosha. Ameniuliza, "Mwanangu, safari hii nitaonekana? Waliokuja mwaka jana walinitoa kivuli kitupu, hata wajukuu hawakunijua."

Limeniuma, maana kosa lenyewe nalijua. Nyuma yake ziwa linang'aa. Ukiiacha kamera ijipimie, italifuata ziwa, itapunguza mwanga, na uso mweusi utazama. Nimepima shavu lake, maji nikayaacha. Nikafungua lenzi hadi mashua za nyuma zikafifia kwa weupe, msaidizi wangu akashika ubao mweupe wa kurudisha mwanga, usawa wa kifua cha mama. Jicho likapata nukta ya mwanga. Ikatokea mikunjo ya paji la uso, yakatokea magamba ya sangara yaliyomganda mkononi. Ngozi yetu haina ugumu wowote mbele ya kamera, inataka tu mtu aipimie yenyewe. Nimemgeuzia kioo cha kamera ajione. Amejitazama kimya, kisha akarekebisha kitambaa.

Saa sita jua liko utosini, macho ya kila mtu yamekuwa mashimo ya kivuli. Tumehamia chini ya mabati, tumekula rolex, chapati iliyoviringishiwa mayai.

Saa kumi, ghalani, taa za tyubu. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo narekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, muda ambao kila picha inapokea mwanga, naiweka 1/50 ya sekunde, la sivyo picha inapepesa. Hayo niliyaokota kwa kutazama wakubwa, miaka miwili nikikunja nyaya tu.

Saa tatu usiku, nyumbani. Nanakili kadi kwenye diski mbili. Nimesimamisha picha kwa yule mama, nikavuta karibu: ndani ya mboni yake ubao wetu mweupe unaonekana, mdogo kama punje ya mchele. Betri nne nimezichomeka. Kesho tunaanzia Katwe.